Kuthibitisha Chuo Kabla ya Kujua Mkopo: Ushauri kwa Wahitimu wa Mkwaja na Wazazi Wao

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, kijana wa Mkwaja, hapa kwetu pwani ya Tanga, aliyemaliza kidato cha sita huulizwa maswali matatu kwa mpangilio ambao hakuna mama wa nyumbani angeuchagua. Kwanza huulizwa anataka kozi gani. Kisha huulizwa anathibitisha chuo gani. Mwisho kabisa, akiwa ameshajibu hayo mawili na jina lake limeshafungwa mahali, ndipo huambiwa atakopeshwa shilingi ngapi, au kwamba hatakopeshwa.

Utaratibu huo ni wa nchi nzima, lakini hauwaumizi wote sawasawa. Mtoto wa mtumishi wa benki Dar es Salaam akikosa mkopo, baba yake ataguna, kisha atalipa. Mtoto wa mvuvi akikosa, familia itakaa chini kuzungumzia mashine ya boti, minazi ya bibi, na deni la duka ambalo bado halijaisha. Ndiyo maana ushauri tunaousikia kila msimu, kwamba omba mapema na thibitisha mapema, mimi naukubali nusu. Kuomba mapema, ndiyo, bila kusita. Kujifunga mapema kunahitaji mazungumzo marefu zaidi, na mazungumzo hayo yanatakiwa kufanyika kabla ya siku ambayo wengi huyafanya.

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana wazazi wengi bado wana picha ya zamani. Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ilipokea maombi yote mahali pamoja na kuwapanga waombaji vyuoni. Mfumo huo uliachwa 2017. Tangu hapo kijana anaomba moja kwa moja kwenye chuo, na anaweza kuomba vyuo viwili, vitatu au vinne, kadiri mfuko unavyoruhusu; vyuo vingi vya umma hutoza shilingi 10,000 kwa ombi. Katika kila chuo anaorodhesha kozi kwa mpangilio wa anavyozitaka. Vyuo vinachagua, TCU inahakiki, majina yanatangazwa. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, kwa simu au kwa barua pepe. Anaingia kwenye akaunti yake ya chuo alichokikubali, anaiandika namba ile, na kuanzia hapo yeye ni wa chuo hicho. Nafasi zake kwingine wanapewa wenzake.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 2024 matokeo ya kidato cha sita yalitangazwa 13 Julai. Dirisha la kwanza la maombi lilifunguliwa 15 Julai na kufungwa 10 Agosti. Majina ya waliochaguliwa na kazi ya kuthibitisha vikaja Septemba. Orodha za mikopo zilianza kutoka Oktoba. Kati ya kuona matokeo na kufunguliwa kwa maombi zilipita siku mbili, na kati ya kuthibitisha na kujua mkopo zilipita wiki kadhaa. Tarehe husogea kidogo mwaka hadi mwaka, lakini mfuatano ni uleule.

Kutokana na mfuatano huo napata jambo moja ambalo ningependa kila familia ilichukue, hata kama itaacha mengine yote. Siku ya kuthibitisha unakuwa umeshachelewa kuamua. Umeshajifunga siku uliyoandika orodha ya vyuo na kozi. Ukiandika kozi tatu, na kati ya hizo moja ina ada ambayo nyumbani hawaiwezi hata kwa kuuza, na ukachaguliwa hiyo peke yake, hapo uthibitishe usithibitishe umebanwa. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: usiandike kwenye orodha kozi ambayo usingeweza kuisoma kama Bodi ya Mikopo ingekupa nusu tu ya ulichoomba. Ukiitii kanuni hiyo wakati wa kuorodhesha, siku ya kuthibitisha haitakutoa jasho.

Najua nusu mkopo ni jambo ambalo watu hawapendi kulitaja mapema, kana kwamba kulitaja ni kulikaribisha. Litajeni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, haitoi mkopo kwa kipimo kimoja kwa wote. Inapima uhitaji wa kila mwombaji, na kozi zenyewe zimewekwa katika makundi ya kipaumbele. Mkopo una mafungu: chakula na malazi, vitabu, ada, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Mwanafunzi anaweza kupata fungu la chakula na malazi, lile wanaloliita bumu, ambalo tangu mwaka wa masomo 2023/24 ni shilingi 10,000 kwa siku, halafu kwenye ada akapewa sehemu ndogo tu. Akiwa kijijini anasema amepata mkopo, na ni kweli amepata. Akifika chuoni anaambiwa hawezi kusajiliwa mpaka alipe kilichobaki kwenye ada.

Chukueni karatasi, mzazi na mtoto, mketi pamoja. Kwa kila kozi iliyo kwenye orodha andikeni ada ya mwaka. Kozi nyingi za vyuo vya umma ziko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu, au juu kidogo ya hapo. Udaktari katika vyuo binafsi unapita milioni tano. Chini yake andikeni yale ambayo mkopo haukusudiwi kuyabeba: nauli ya kwenda na kurudi, godoro na ndoo, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, michango ya usajili, na chakula cha wiki za mwanzo kabla bumu halijaingia. Wiki hizo ndizo zinazowaliza watoto wetu. Anafika chuoni na shilingi elfu themanini, anaambiwa fedha zinashughulikiwa, na zile elfu themanini zinaisha kwa chipsi na nauli za kufuatilia sahihi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Baada ya hapo ulizaneni swali moja: bodi ikitoa nusu, nusu nyingine anatoa nani? Kama jibu lina jina la mtu na kiasi, mfano mjomba wa Tanga laki tatu, dada aliyeko Muscat laki nne, mama kwa kuuza mwani na nazi laki mbili, basi kozi hiyo ibaki kwenye orodha, na ikichaguliwa thibitisha siku ileile namba inapoingia. Kama jibu ni kwamba Mungu atajaalia, tuitikie amina, kisha kozi hiyo tuishushe au tuitoe. Na huyo mjomba apigiwe simu kabla ya Agosti, si Novemba. Ndugu wengi hawakatai kuchangia. Wanachokataa ni kushtukizwa.

Kuna wazazi watakaosema ninawakatisha watoto tamaa, kwamba mtoto wa Mkwaja aliyepata alama za udaktari naye aombe udaktari. Aombe! Lakini ajue kanuni. Alama zinahesabiwa A kwa 5, B kwa 4, C kwa 3, D kwa 2, E kwa 1. Kwa shahada nyingi kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. Kwa udaktari wa binadamu yanatakiwa yote matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja angalau D. Mwenye D tatu anaruhusiwa kushindana, basi. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinapokea maombi ya wenye A na B kutoka nchi nzima, na nafasi zina idadi. Sasa huyu wa D tatu, akiambiwa vyuo binafsi bado vina nafasi, anaandika viwili vyenye ada ya milioni tano na zaidi, bila chuo cha umma hata kimoja, bila kozi nyingine ya afya yenye ada ya kawaida. Huyo ndiye ninayemwogopea. Mwenye alama hizohizo angeweza kuweka udaktari wa chuo cha umma juu, akafuatisha uuguzi, maabara, au ualimu wa sayansi, na akaendelea kuwa mtu mwenye matumaini.

Habari ya kuchagua kozi kwa kutazama kazi zilizoko leo inahitaji tahadhari, na sisi wa Mkwaja tuna sababu ya kuielewa kuliko wengine. Hapa palikuwa na ranchi ya ng'ombe ya kampuni ya Amboni. Wapo wazee walioajiriwa pale na wakadhani wajukuu wao nao watachunga au watatibu ng'ombe wa kampuni. Ranchi ikafungwa mwaka 2000, ardhi ile ikaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa 2005, na leo anayetafuta ajira pembeni ya ardhi ileile anaulizwa kuhusu wanyamapori, hoteli za watalii na kasa wanaotaga ufukweni Madete. Mabadiliko hayo yalitokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Sasa hivi mkoa mzima unazungumza bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, na vijana wanaambiwa wasome mafuta na gesi. Ujenzi unaajiri watu wengi kwa muda. Kuliendesha bomba likishajengwa kunahitaji wachache. Anayependa uhandisi asome uhandisi mpana, wa mitambo au umeme, ambao bomba litauhitaji na kiwanda cha saruji cha Tanga kitauhitaji pia. Kuandika kozi finyu kwa sababu ya mradi mmoja ni kuukabidhi mradi huo miaka minne ya maisha yako, nao hauna habari nawe.

Chuo nacho kichunguzwe. Julai 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo uliofuata, kwa sababu havikukidhi ubora. Chuo cha namna hiyo nacho kinaweza kuwa na vipeperushi vizuri na watu wa kukisifia. Mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka unataja kozi zilizoidhinishwa, sifa za kuingilia na idadi ya nafasi. Usiandike kozi ambayo hujaiona humo kwa macho yako. Bango la stendi halitoshi, wala wakala anayekupigia simu kabla hata matokeo hayajatoka.

Nirudi kwenye muda, maana huko ndiko watoto wa vijijini wanakoangukia zaidi ya kwenye alama. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, ya mujibu wa sheria, yaliyosimamishwa 1994 na kurejeshwa 2013, huanza muda mfupi baada ya mitihani ya Mei. Mhitimu wa Mkwaja anaweza kupangiwa Maramba au Mgambo, hapahapa mkoani, au akapelekwa Kigoma au Mbeya. Kambini simu haikai mfukoni. Na ni wakati huohuo ambapo dirisha la mkopo hufunguliwa, kwa kawaida Juni, na maombi ya chuo yanafuata Julai. Kijana anayesema nitaamua nikitoka JKT anatoka na kukuta dirisha la kwanza limebakiza siku chache, au limefungwa, na kozi zenye ushindani zimejaa kabla awamu ya pili haijaanza.

Kwa hiyo kabla ya begi la JKT, liandaliwe faili. Liwe na nakala za cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kitambulisho cha mzazi au mdhamini, picha za pasipoti, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe RITA mapema. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini iandike namba yake humo, maana ni ushahidi mzito wa uhitaji. Mbele ya faili pawekwe karatasi moja, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe: namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, anwani ya barua pepe, neno la siri, na orodha tatu za vyuo na kozi. Orodha ya kwanza ni kama matokeo yatakuwa mazuri kama anavyotarajia, ya pili kama yatashuka kidogo, ya tatu kama yatashuka sana. Atakayebaki na faili hilo awe mtu mmoja anayejulikana, mama, kaka, au mwalimu aliyekubali, naye aelezwe kila kilichomo.

Fomu ya mkopo ikishajazwa mtandaoni huchapishwa, inasainiwa na kugongwa muhuri na serikali ya kijiji, inapelekwa kwa wakili au hakimu, kisha inarudishwa mtandaoni. Kwa mtu wa mjini hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa mtu wa Mkwaja ni safari ya kwenda Pangani na kuvuka mto pale Bweni, na mara nyingi kurudi tena kwa sababu sahihi ya mdhamini imesahaulika ukurasa wa mwisho. Wapangieni watu wawili au watatu wa kijiji waende siku moja, fomu zao zikaguliwe ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuondoka. Na mtendaji wa kijiji aombwe mapema; naye ana vikao vyake.

Halafu steshenari. Wengi wetu maombi tunajaziwa na kijana wa steshenari mjini, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa moyo. Tatizo linaanza anapofika kwenye kisanduku cha namba ya simu. Foleni ni ndefu, mteja hana simu au simu iko kwa baba, basi anaweka namba yake mwenyewe na barua pepe aliyoitengeneza papo hapo. Fomu inakubali, risiti inatoka, kila mtu anafurahi. Septemba namba ya kuthibitisha inaingia kwenye simu ya steshenari, kati ya jumbe nyingine sitini za wateja ambao hawakumbuki hata majina. Mtoto yuko Mkwaja anasubiri. Inawezekana kuomba namba hiyo upya kupitia akaunti ya chuo, lakini hapo unahitaji neno la siri, ambalo nalo liko steshenari. Simama nyuma ya kiti chake. Soma namba ya simu tarakimu moja moja kwenye skrini kabla hajabonyeza. Laini iwe imesajiliwa kwa jina la mtu wa nyumbani, ibaki kwenye simu inayochajiwa, kwa mtu anayejua kusoma ujumbe, na isizimwe hadi Novemba.

Namba ikiingia, je, ubonyeze siku hiyohiyo? Kama orodha ilitengenezwa kwa kanuni tuliyoizungumza, bonyeza. Kama una vyuo viwili na hujui, tumia siku chache za mwanzo kupiga simu ofisi ya udahili na kuuliza mambo ambayo mtandao haukuambii: mabweni yanachukua mwaka wa kwanza, ada inalipwa kwa awamu ngapi, mwenye mkopo pungufu anasajiliwa kwa utaratibu gani. Majibu hayo matatu yana uzito kuliko sifa ya jina la chuo. Kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma kwa kozi ileile, mtoto asiye na ndugu Dar na asiye na uhakika wa bweni anaweza kuishi kwa utulivu zaidi Dodoma, na utulivu unaonekana kwenye matokeo. Lakini usisubiri hadi siku ya mwisho ukitumaini habari ya mkopo itakuja kukusaidia kuamua. Haitakuja kabla. Siku za mwisho mifumo inazidiwa, mtandao wa Mkwaja nao unajulikana, na asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi zote mbili kwa pamoja.

Ukishathibitisha, majuto yana njia zake. Kuna utaratibu wa kuhama kozi au chuo, wenye muda wake na masharti yake: uwe na sifa za kule unakokwenda na nafasi iwepo. Usiingie ukiutegemea. Na mkopo ukitoka pungufu, Bodi hufungua dirisha la rufaa. Peleka ushahidi, uache maneno ya huruma peke yake. Aliyekosa kabisa mwaka wa kwanza anaweza kuomba tena akiwa anaendelea.

Wapo vijana wanaotazama mbali zaidi, kwenye vyuo vya Marekani, na nafurahi kwamba wapo. Huko kujifunga mapema kumeandikwa wazi na kuna fomu yake. Mwombaji anachagua chuo kimoja tu, anapeleka maombi karibu na 1 Novemba, anajibiwa katikati ya Desemba, na akikubaliwa anawajibika kwenda na kufuta maombi yake mengine yote. Mwanafunzi anasaini, mzazi anasaini, mwalimu mshauri wa shule anasaini. Vipo pia vyuo, vikiwemo Harvard, Yale na Princeton, vinavyopokea maombi ya mapema bila kumfunga mtu, ingawa vinamzuia kupeleka maombi ya namna hiyo katika vyuo vingine binafsi.

Wamarekani wenyewe wamebishana sana kuhusu jambo hili. Mwaka 2006 Harvard na Princeton vilitangaza kuachana na maombi ya mapema, kwa hoja kwamba yanawapendelea watoto wa wenye nacho, ambao hawana haja ya kulinganisha misaada ya fedha ya chuo hiki na kile. Mwaka 2011 vikayarudisha. Lakini hoja ile haikufa, na ndiyo hoja ileile inayotugusa Mkwaja: anayejifunga kabla ya kujua fedha anahitaji kuwa na fedha, au kuwa na ahadi ya uhakika.

Ahadi ya namna hiyo ipo kwa vyuo vichache. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, kwa mfano, havitazami uwezo wa mwombaji wa kigeni wakati wa kumchagua, na vinajaza pengo lote la uhitaji wake. Chuo cha aina hiyo kikiwa na mpango wa kufunga, na kijana akawa amekipenda kweli, anaweza kusaini. Vyuo vingi vingine vinatazama uwezo wa mgeni kabla ya kumkubali, na msaada wao una kikomo. Kwa hivyo nisingemshauri mtoto wetu ajifunge mapema; aombe kwa muda wa kawaida, apate barua mbili tatu, alinganishe. Kanuni yao inamruhusu aliyekubaliwa kuachiliwa endapo msaada uliotolewa hauwezeshi familia kumudu, lakini kuomba kuachiliwa Desemba ukiwa huna maombi mengine tayari ni kuanza upya. Ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam inashauri bila malipo. Iulizwe, na masharti ya viza yaulizwe kabla ya kulipia mtihani wowote, kwa sababu hubadilika na barua ya chuo haiyaondoi. Na mtu anayedai milioni mbili ili akuombee chuo Marekani, mwache na milioni zake.

Limebaki la wale ambao orodha yao, ikipimwa kwa kanuni ya nusu mkopo, inabaki tupu. Hilo hutokea, na si aibu. Wapo ambao njia yao inapita kwenye stashahada. Chini kidogo ya pwani yetu, Bagamoyo, iko kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, inayofundisha uvuvi na mambo yanayouzunguka. Kijana aliyekulia kwenye mashua za Mkwaja anaingia pale akiwa na ujuzi ambao wenzake wataupata mwaka wa pili. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 au zaidi anaweza kuomba shahada baadaye, akiwa na fani mkononi. Tangu 2023/24 baadhi ya kozi za stashahada nazo zina mkopo. Mwongozo wa Bodi unazitaja.

Wengine watasubiri mwaka. Wazazi wa kwetu wanauogopa mwaka huo, hasa kwa binti, kwa sababu wanajua posa hazisubiri na maneno ya jirani hayaishi. Naielewa hofu hiyo. Lakini mwaka wenye mpango haupotei: Bodi imekuwa ikipokea maombi ya waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, na matokeo yake yatakuwa yaleyale Julai ijayo. Wazazi na binti wakubaliane mbele ya mtu wanayemheshimu, shangazi au mwalimu, kwamba mwaka huo ni wa kufundisha masomo ya ziada au biashara ndogo, kiasi fulani kiwekwe kila mwezi kwa jina lake, na mambo ya ndoa yasizungumzwe hadi maombi yapite. Na uhakiki wa RITA aufanye Machi, kabla wenzake wa JKT hawajaanza kupanga foleni.